Watu mia moja kwenye viti

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wazazi wanaozungumza Kiswahili, Houston, Texas, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji)

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zetu wa Bukavu na Goma, ndugu wa Bujumbura, wa Kigoma, wa Mombasa, wa Dar, nawasalimu nyote, na ninawashukuru kwa kuacha mapumziko yenu ya Jumapili mkaja kunisikiliza.

Nimeombwa nizungumze juu ya softiboli. Sababu mnaijua: mabinti zetu wamejiunga na timu za shule, wanarudi nyumbani na magoti yenye vumbi, wanadai glavu na viatu vya njumu, na sisi wazazi wao hatuelewi wanacheza nini. Swali ninaloulizwa zaidi, hasa na akina baba, ni moja: mchezo huu utamlisha mwanangu? Ni swali halali. Mtu aliyevuka mipaka miwili na kukaa kambini miaka mingi ili mtoto wake apate elimu ana haki ya kuliuliza. Nitalijibu kwa kuwaeleza maisha ya mchezaji mmoja, Monica Abbott, ambaye kwangu mimi ni miongoni mwa warushaji bora kuliko wote waliowahi kushika mpira wa softiboli. Sehemu ya habari yake ilitokea hapa hapa jirani, upande wa Conroe, mwendo wa saa moja hivi kwa barabara ya 45 kuelekea kaskazini.

Kwanza niwaeleze mchezo kwa kifupi, maana bila hivyo hamtaona ukubwa wa alichokifanya. Timu mbili, wachezaji tisa uwanjani. Mmoja, mrushaji, anasimama futi 43 kutoka kwa mpigaji, yaani kama mita 13. Anauzungusha mkono mzima kutoka begani, duara kamili, kisha anauachia mpira chini, karibu na paja. Mpigaji ana gongo mkononi. Akiukosa mpira mara tatu anatoka, anampisha mwenzake. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana zamu, na zamu hizo ni saba. Basi. Mengine mtayaona mkikaa uwanjani, na mabinti wenu watafurahi kuwaeleza.

Monica Abbott alizaliwa mwaka 1985, California, akakulia Salinas. Wengine hapa mmewahi kufanya kazi mashambani, kwa hiyo jina hilo mnaweza kulijua: ni bonde la saladi, stroberi na brokoli, mji unaoamka kabla ya jua kwa ajili ya mavuno. Binti huyu alirefuka hadi futi 6 na inchi 3, karibu sentimita 190, na alikuwa wa mkono wa kushoto. Nasema hili kwa makusudi. Katika nyumba nyingi za kwetu mtoto akishika kijiko kwa kushoto anachapwa kidole. Yeye mkono ule ule ndio uliomtoa. Mpira unaotoka kushoto unamjia mpigaji kwa pembe asiyoizoea, kwa sababu warushaji wengi hutumia kulia, na unapotoka kwa mtu mrefu kiasi kile, hatua yake moja ndefu mbele inapunguza hata zile mita 13.

Chuo Kikuu cha Tennessee kilimchukua. Alicheza huko kuanzia 2004 hadi 2007, chini ya makocha wawili ambao ni mume na mke, Ralph na Karen Weekly. Hapa niseme neno kuhusu sheria, kwa kuwa wengi hudhani nafasi hizi za chuo ni huruma ya mtu fulani. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayoitwa Title IX, inayokataza shule na chuo chochote kinachopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa jinsia yake. Wanaume walikuwa na timu na ufadhili wa masomo. Ikabidi wanawake nao wapate. Bila sheria ile Abbott angekuwa binti mrefu wa Salinas mwenye mkono mzuri, akamaliza shule, yakaishia hapo.

Lakini msidanganyike kwamba ufadhili maana yake ni kulipiwa kila kitu. Wakati wake timu ya chuo cha daraja la juu iliruhusiwa kuwa na fungu la ufadhili kamili 12 tu, na wachezaji walikuwa wengi kuliko hao, basi makocha waliligawa vipande vipande. Mmoja akapata nusu, mwingine robo, mwingine vitabu. Mzazi anayeambiwa "mwanao amepata skolashipu" aulize: kiasi gani, kwa muda gani, na inafunika nini. Hilo mliandike.

Sasa takwimu zake, na hizi nitazisoma polepole. Katika miaka minne alishinda mechi 189. Katika mechi 112 alizorusha, wapinzani hawakupata hata pointi moja. Na wapigaji 2,440 aliwatoa kwa kuwakosesha mpira mara tatu. Hiyo ni rekodi ya vyuo vya daraja la kwanza. Msimu wa 2007 peke yake aliwatoa 724. Tennessee haikuwahi kufika fainali za kitaifa kabla yake. Ikafika 2005, 2006 na 2007, miaka mitatu mfululizo.

Fainali hizo huchezwa Oklahoma City kila mwaka, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni. Mwaka 2007 Tennessee ilikutana na Arizona, mshindi wa mechi mbili kati ya tatu. Tennessee ilichukua ya kwanza, 3 kwa 0. Mechi ya pili ikaenda zamu kumi badala ya saba, hakuna anayepata kitu, kisha Arizona ikapata pointi moja. Ya tatu Arizona ikashinda 5 kwa 0. Mrushaji wa Arizona, Taryne Mowatt, alikuwa mdogo wa umbo ukimlinganisha na Abbott, na katika mashindano yale alirusha mipira zaidi ya elfu moja. Kombe likaenda jangwani Arizona, Abbott akamaliza chuo bila ubingwa wa taifa. Mwaka huo huo alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote nchini. Mimi huwa namtazama tena katika zile picha, anasimama kwenye duara lake la kurushia baada ya pointi ile moja, na kinachonigusa ni kwamba alirudi kurusha mechi ya tatu. 

Tumefika sasa kwenye swali la baba zangu.

Kulikuwa na ligi ya kulipwa, National Pro Fastpitch, iliyoanza mwaka 2004. Timu ya Washington Glory ilimchagua Abbott kabla ya mchezaji mwingine yeyote mwaka 2007, na kiangazi hicho hicho wakachukua ubingwa wa ligi. Amepanda, sivyo? Bora wa vyuo, wa kwanza kuchaguliwa, bingwa wa ligi, miaka 22. Kijana wa mpira wa kikapu aliyefika hapo anamjengea mama yake nyumba.

Katika ligi ile timu nzima iliwekewa kikomo cha mishahara. Kwa miaka ninayoizungumzia kilikuwa dola 150,000 kwa msimu. Si mchezaji mmoja. Timu. Wagawieni wachezaji ishirini sawasawa, kila mmoja ana dola 7,500 kwa kiangazi kizima. Wengi walilipwa pungufu ya hapo. Walifundisha watoto masomo ya kurusha na kupiga, walikuwa makocha wasaidizi vyuoni, walilala kwenye nyumba za familia za wenyeji waliojitolea kuwapokea. Na Glory yenyewe haikudumu. Timu zilizaliwa na kufa, mchezaji hajui mwakani atavaa jezi gani.

Aliyemlipa Abbott mshahara wa kuishi alikuwa Mjapani. Kuanzia 2009 alichezea timu ya kampuni ya Toyota, katika ligi ya Japani. Kule makampuni makubwa ndiyo yanayomiliki timu, na wachezaji wengi ni wafanyakazi wa kampuni: asubuhi ofisini, mchana uwanjani, na mchezo ukiisha kazi ipo. Alichukua ubingwa wa Japani 2010, 2011 na 2012, mfululizo, na mingine baadaye. Kwa miaka mingi aliishi kwa kugawa mwaka: Japani masika na vuli, Marekani kiangazi. Nadhani watu wa ukumbi huu mnaijua hali hiyo kuliko Wamarekani wenyewe. Kuwa bora katika jambo lako, na bado ukalazimika kuvuka bahari ili ulipwe kwa jambo hilo.

Marekani alichezea Chicago Bandits, ambao mwaka 2011 walifunguliwa uwanja wao wenyewe huko Rosemont, Illinois, uliojengwa kwa ajili ya timu ya softiboli ya wanawake. Mwaka huo huo wakawa mabingwa. Juni 2012 alirusha mpira uliopimwa maili 77 kwa saa, yaani kilomita 124, ukaandikwa rekodi ya dunia. Fanyeni hesabu na zile futi 43: mpigaji ana kama theluthi moja ya sekunde na kidogo, auone, aamue, apige.

Halafu ikaja Mei 2016, na hii ndiyo sehemu niliyoitaka tangu niliposimama hapa.

Timu mpya ya upande huu wa kwetu, Scrap Yard Dawgs, ikampa Abbott mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni moja. Magazeti yakaandika milioni, milioni, mchezaji wa kwanza wa kike wa softiboli kupewa mkataba kama huo na klabu ya Marekani. Mimi nilifurahi kama wengine. Kisha nikasoma mkataba ulivyopangwa.

Mshahara wenyewe ulikuwa dola 20,000 kwa msimu. Miaka sita, hiyo ni 120,000. Kikomo cha ligi hakikuruhusu zaidi bila kuwanyang'anya wenzake. Dola 880,000 zilizobaki zilitoka wapi? Zilipangwa kama bonasi ya mahudhurio. Mchezo ukiwa na watazamaji zaidi ya mia moja, Monica analipwa.

Mia moja, ndugu zangu. Ukumbi huu tulimo umezidi idadi hiyo.

Wenye timu walijua mia moja itapatikana. Ilikuwa njia yao ya kihalali ya kumlipa wanachoona anastahili. Sina neno nao, walifanya ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya. Lakini mimi nilikaa na sharti lile siku nyingi, kwa sababu linasema wazi jambo ambalo kwa wanaume halisemwi. Mchezaji wa kiume wa besiboli akifika daraja la juu, viti vilijazwa na babu yake na mababu wa wenzake, miaka mia na zaidi iliyopita. Televisheni imeshanunua, matangazo yameshauzwa. Yeye anakuta meza imeandaliwa. Mwanamke yule, mwenye rekodi ya dunia, mwenye mechi 189 za chuo, malipo yake yalisubiri mtu wa mia moja na moja apite getini na kukaa.

Kwa hiyo, baba, jibu langu kwa swali lako ni hili. Mchezo utamlisha mtoto kwa kadiri watu wanavyokuja kumtazama akicheza. Kipaji kilikuwepo. Bidii ilikuwepo, hakuna aliyemzidi. Kilichopungua kilikuwa mtu kwenye kiti.

Mwaka 2017 Dawgs walikuwa mabingwa wa ligi. Baadaye timu ikajitoa kwenye ligi ikacheza peke yake, na Juni 2020 wachezaji wake wote waliiacha, baada ya kiongozi wa timu kuandika kwa jina la timu ujumbe wa kujisifu mbele ya rais kwamba wao wote husimama wimbo wa taifa unapopigwa, bila kuwauliza. Siku zile wanamichezo walikuwa wakipiga goti wakati wa wimbo huo kupinga watu weusi kuonewa. Kati ya wachezaji hao walikuwepo weusi, na wenzao weupe waliondoka pamoja nao. Wakajipa jina jipya, wakaendelea kucheza wakiwa na jezi zao wenyewe. Ligi yenyewe, National Pro Fastpitch, ilifungwa 2021.

Na Olimpiki? Abbott alikwenda Beijing 2008. Wamarekani walikuwa hawajafungwa katika mechi 22 za Olimpiki. Fainali wakafungwa na Japani 3 kwa 1, mbele ya Yukiko Ueno, aliyerusha mipira 413 katika siku mbili. Kisha mchezo ukaondolewa kwenye Olimpiki, uamuzi uliokwisha kupigiwa kura tangu 2005. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku ile angeweza kukua, kufika kilele chake na kuanza kushuka bila kuiona Olimpiki. Ulirudishwa Tokyo, michezo iliyochezwa 2021, na kati ya wale wa 2008 waliobaki kwenye timu ya Marekani walikuwa wawili tu, Abbott na Cat Osterman. Fainali ilikuwa Yokohama, tarehe 27 Julai, mkesha wa siku yake ya kutimiza miaka 36. Japani tena. 2 kwa 0. Na kwa ajili ya korona, viti vyote vilikuwa vitupu. Mchezo uliosubiriwa miaka kumi na mitatu, ukachezwa bila mtazamaji hata mmoja aliyelipa kiingilio. Nilitazama fainali hiyo nikiwa na binti yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha mchezo huu, na tulisikia kila neno la makocha kwa ule ukimya.

Abbott ameshastaafu. Mambo yamebadilika baada yake, na mnapaswa kuyajua kwa kuwa mabinti zenu ndio watakaoyakuta.

Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Mwaka 2024 mrushaji wa Chuo Kikuu cha Stanford aitwaye NiJaree Canady, binti mweusi kutoka Topeka, Kansas, alihamia chuo cha Texas Tech, Lubbock, kwa mapatano ya zaidi kidogo ya dola milioni moja. Kwa mwaka mmoja. Jumla ile ile ambayo Abbott aliahidiwa kwa miaka sita, na Canady bado alikuwa mwanafunzi. Msimu uliofuata aliifikisha Texas Tech fainali ya taifa, wakafungwa na Chuo Kikuu cha Texas katika mechi ya tatu. Zaidi ya watu milioni mbili waliangalia fainali zile kwenye televisheni, na uwanja wa Oklahoma City ulikuwa umejaa, zaidi ya watu elfu kumi na mbili. Ile milioni ilikuja kwenye mchezo wenye watazamaji kama hao. Haikudondoka.

Na kiangazi hicho hicho cha 2025 ilianza ligi mpya ya kulipwa, AUSL, ikiwa na timu nne: Bandits, Blaze, Talons na Volts. Kamishna wake ni Kim Ng, mwanamke wa kwanza kuwahi kuwa meneja mkuu wa timu ya besiboli ya ligi kuu. Ligi kuu ya besiboli ya wanaume imeweka fedha ndani yake. Talons walikuwa mabingwa wa kwanza. Na Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na softiboli tena, ila mechi zitachezwa Oklahoma City, kwenye uwanja ule ule ambao Abbott alipoteza fainali yake. Kutoka hapa ni mwendo wa gari wa siku moja. Anzeni kuweka akiba.

Sitawaambia kwamba binti yako atafika huko. Wengi hawatafika, nafasi ni chache, na sasa timu nyingi za vyuo vikubwa zina kikomo cha wachezaji 25. Shule iwe mbele. Abbott mwenyewe alikaa chuo miaka minne kabla ya kuingia ligi ya kulipwa. Lakini hata yule ambaye mwisho wake ni timu ya sekondari ana jambo analolidai kwetu, na hili nalisema kwa uchungu kwa kuwa nimeliona msimu mzima uliopita. Mabinti zetu wanacheza mbele ya wazazi wa watoto wengine. Tunawashusha getini, tunageuza gari. Najua kwa nini. Nusu yetu tuna zamu ya usiku, na baba anayeendesha Uber hawezi kukaa saa mbili bila kuwasha gari. Simlaumu mtu aliyeko kazini. Ninamwomba yule ambaye siku hiyo hayuko kazini, aje akae hata kama mtoto anayecheza si wake. Mama wa Uvira amtazame binti wa Mombasa. Bibi mwenye kanga yake na chupa ya chai aje, kivuli tutamtafutia. Mtoto anapoinua macho akaona watu wa nyumbani, anarusha tofauti. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Msimu wa shule unaanza Februari na kwenda hadi Mei, mara nyingi Jumanne na Ijumaa jioni. Ratiba za shule zote ambazo mabinti zetu wanacheza nimezikusanya na nitazituma kwenye kundi letu la WhatsApp leo kabla ya kulala. Ninachohitaji kutoka kwenu kabla hamjaondoka ni majina ya wenye magari makubwa ambao wanaweza kuwapitia wazee wetu. Daftari liko pale mlangoni kwa Mama Furaha, na mchezo wa kwanza ni Jumanne ya pili ya Februari, saa kumi na mbili na nusu jioni.

Asanteni sana.